Chupa Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Chupa tisini leo. Nimeosha, nimejaza kwa mpira, nimeziba moja moja. Kiganja kimevimba tena. Mwaka wa tatu tangu mume wangu Zakaria afariki, na bado naziba pombe ya ndizi ya mama yake hapa Kasingirima. Siku ya kuanua tanga mama mkwe alisema mbele ya ukoo: nitaondoka akipatikana mwingine wa kujaza chupa. Hajapatikana. Nani anamtafuta?

Jumatano, 5 Machi

Shemeji Eliya kaleta mashine kutoka Dar, imekuja kwa treni. Inajaza chupa nne kwa mpigo na kuziba yenyewe. Mama mkwe haoni vizuri. Kaipapasa, akaanza historia. Bibi yake aliziba kibuyu kwa gunzi. Mama yake akapata chupa, magunzi yakawa yaleyale, akayafunga kwa kamba ya mgomba yasiruke. Yeye akaokota vizibo vya soda, akavinyoosha kwa nyundo. Kisha Zakaria akanunua hii mashine ya mkono ya kuzibia, iliyonifunga hapa.

Nimefurahi hadi naona aibu. Nimempigia dada Uvinza. Kazi ya kupika shuleni bado ipo, inaanza Jumatatu. Napanda gari la Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Eliya kajaza mwenyewe. Chupa mia mbili kabla ya adhuhuri, hata jasho hana. Kreti zote ziko chumbani kwa mama mkwe, chini na kando ya kitanda, maana ndiko kwenye ubaridi.

Nimeweka sikio kwenye pipa. Pombe bado inachemka, haijamaliza kuchacha. Ilitaka siku mbili zaidi. Ikizibwa hivi chupa hupasuka, niliwahi kuona kigae kimezama ukutani. Eliya hakuuliza.

Nikisema, mimi ndiye fundi tena. Nikinyamaza, keshokutwa niko Uvinza. Sijasema. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka ni yake, baraka ni yangu. Nimefunga begi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi chupa moja imepasuka. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Kasema panya kaangusha kitu. Baadaye akainuka, eti ajinyooshe kidogo kitandani. Nikamwona anapapasa mlango.

"Mama, usiingie!"

Nimejifunga kitenge usoni, nimefungua zote zilizobaki. Eliya kasimama nje. "Shemeji, ulijuaje?" Nina hasira naye. Nina hasira na mdomo wangu, kwa kuchelewa na kwa kusema.

Jumapili, 9 Machi

Gari la Uvinza liliondoka jana bila mimi. Eliya anasema hagusi mashine mpaka niwepo.

Baada ya ibada mama mkwe kanishika mkono, kaomba mbele ya ndugu wote. "Mungu, huyu mwana wanje, mwanangu huyu, kaniokoa. Asitoke nyumba hii mpaka anizike." Analia. Ananipenda kweli, hilo ndilo baya.

Wote wakaniangalia. Nikasema amina.