Sare: Rangi ya Kadi Hii

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mama kakubali! Kadi za harusi ya mdogo wangu Mudathir nazitengeneza mimi, dukani kwangu Visiga. Siku zote huwaambia watu nina "kibanda cha fotokopi". Sasa ukoo mzima utaishika kazi yangu mkononi. Rangi ni bluu iliyokolea. Chini nimeandika: "Sare: rangi ya kadi hii." Wazo langu — ukisema bluu tu, kila shangazi ana bluu yake. Picha nimeirusha kwenye kundi la familia. Makofi tele.

Jumanne, 2 Septemba

Zambarau. Kwenye skrini bluu, kwenye karatasi zambarau. Nimebadili wino. Zambarau. Nimesafisha printa, nimebadili karatasi — zambarau, tena imeiva. Nimetoka nayo juani, labda taa ya dukani inanidanganya. Juani ndio balaa. Mteja wa kopi nimemjibu ovyo, masikini. Sijala.

Jumatano, 3 Septemba

Mama kapita dukani nimetoka kufuata chai. Kakuta rundo la majaribio mezani, kadhani ndizo zenyewe, kaondoka nalo! Nimempigia: Mama, rangi siyo hiyo. Kasema nisihangaike, simu na karatasi haviwezi kufanana. Za kijijini Kurui kashampa jirani yake Mzee Zahoro apeleke, maana kule Bibi na wenzake hawana simu za picha. Nimekasirika.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemwita Vicent, fundi kompyuta wa Maili Moja. Kauliza nani anapanga rangi, programu au printa. Nikasema zote. Kacheka. "Dada, wapishi wawili sufuria moja, kila mtu anakoleza kivyake." Tukazima marekebisho ya printa, tukaiachia programu. Tukachagua aina ya karatasi ninayotumia kweli. Zambarau ikapungua, haikuisha. Kasema ile bluu ya skrini ni mwanga mtupu, wino hauifikii. Nipunguze magenta, ule wino wa waridi. Nimepunguza. Kidogo tena. Tena.

Bluu! Nimepiga kelele mpaka muuza chipsi jirani kaja kuuliza kuna nini.

Jumanne, 9 Septemba

Mama kapiga simu. Mashangazi wa Kisarawe wameangalia simu, wamenunua bluu. Watu wa Kurui wameingia duka la vitambaa na kadi mkononi, wakalinganisha jora kwa jora, wakanunua zambarau. Na wote wamefuata nilichoandika mimi! Shangazi Maulida kasema tungechapa Kariakoo yasingetufika haya. Mama hakunitetea. Kikao ni Jumamosi. "Uje na kadi ya kweli. Utakayokuja nayo, hiyo ndiyo sare."

Nimechapa zote upya. Bluu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kisarawe, jikoni kwa Mama. Wenzangu wako sebuleni, mimi nimesingizia chai.

Bibi kaja kutoka Kurui, dera lake limeshashonwa. Zambarau! Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, Mwanne. Rangi hii umeitoa wapi, mjukuu wangu? Nimezeeka sijavaa kitu kama hiki. Kule kila mtu nimemwambia, kaitengeneza mjukuu wangu." Akazunguka tumwone. Mashangazi kila mmoja anaangalia vidole vyake. Mimi nikalibeba boksi langu nikakimbilia huku.

Mama kanifuata. Kafungua boksi, kaiona bluu. Yenyewe hasa, haijapotoka hata chembe. Nilidhani atanisifu, jamani, niseme ukweli, nilisubiri anisifu. Kauliza kwa sauti ya chini kama ile zambarau naweza kuirudisha. Mama mkwe wake yule, ataanzaje kumwambia avue?

Nimesema naweza. Sijui kama naweza. Ile sikuitengeneza, ilinitokea tu, na siku zote hizi kazi yangu ilikuwa kuifukuza. Mama kanishika bega, karudi sebuleni.

Sasa hivi kaingia shangazi Maulida kufuata vikombe. Kachungulia kwenye boksi. "Afadhali umeleta ya kweli," kasema, na kwa mara ya kwanza kanichekea. Kaviacha vikombe. Kalibeba boksi, anakwenda nalo sebuleni — shangazi, ngoja —