Kitabu Kisichoazimwa

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize ila usinitaje, maana hata wenzangu wa stafu hawajui. Mimi ni mwalimu wa maktaba, mwaka huu mkuu wa shule alinipa kazi ya kuandika sera ya vitabu vyetu, yaani vipi tununue, vipi tupokee, vipi tuondoe, nami kwa kujifanya najua sana nikaandika kwamba kisichoazimwa miaka miwili kiondolewe, nikasifiwa kikaoni, kichwa kikavimba, siku hiyo hiyo nikaanza kufagia rafu. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha kuwaeleza wasichana mabadiliko ya mwili, hakijaazimwa hata mara moja, ingawa kurasa zimechakaa na jalada linaning'inia, nikasema panya hao, nikakitupia kwenye boksi la stoo. Wiki iliyopita nikamkuta binti wa dada yangu, ninayeishi naye na anayesoma hapo hapo, analia bafuni, damu imemtoka kwa mara ya kwanza akadhani anakufa, akaniambia, "Mama mdogo, kile kitabu tulikuwa tunakisoma nyuma ya rafu, sikukimaliza, niliporudi sikukiona." Nikamuuliza mbona hamkukiazima, akainama: "Aliyejaribu ulimsomea jina la kitabu kwa sauti, darasa zima likacheka." Mshauri, nakumbuka, na mimi nilicheka. Sasa naona aibu hata kufungua mlango wa maktaba. Nifanyeje?

Mwalimu wa Maktaba

Pole mwalimu, lakini sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Panya gani huyo anayesoma ukurasa kwa ukurasa? Ulitazama daftari la kuazima tu, na wewe mwenyewe ndiye uliyewatisha wasiandike majina humo!

Aibu uione, ni haki yako, ila isikufungie mlango, maana wenzake yule binti bado wanakitafuta kitabu. Kesho asubuhi kitoe stoo, gundisha jalada, kirudishe pale pale, wala usitangaze. Kisha nenda kwa mkuu, mwambie bila kona kona kwamba kifungu kile cha miaka miwili umekosea. Andika upya: kabla ya kuondoa kitabu, kifunguliwe kwanza, wanafunzi waulizwe, na anayeazima asitangaziwe jina la kitabu chake. Yule uliyemcheka mwite pembeni, umwombe radhi.

Na huyo binti, jamani, si anaishi nyumbani kwako? Leo jioni weka simu mbali, kaa naye, mweleze yote mwenyewe. Ukiona aibu, ona tu, lakini endelea kuongea.