Meli Haingoji Hotuba za Shemeji

Jumapili, 11 Juni 2000

Wewe mama, ulipotelea wapi? Daftari limelala chini ya godoro tangu Pasaka, nawe unapita kando yake kila asubuhi kama mtu anayemkwepa jirani. Umechoka, sawa. Nani hajachoka katika mji huu? Kaa uandike. Katekista hakukuchorea herufi kwenye udongo ili uje kuzisahau uzeeni.

Haya, nimekaa. Leo nimeanika mtama ulioota, wa pombe. Kuku wa jirani wameula kidogo. Nimewafukuza, na jirani pia.

Baada ya misa mbebaji mizigo wa bandarini amenifikishia salamu za Deo. Mwanangu wa kwanza, mpishi kwenye meli inayoleta watu na sukari kutoka Kigoma. Meli inafika Jumamosi asubuhi. Ikimaliza kushusha mizigo inaondoka alasiri hiyohiyo, maana kapteni hataki kulala karibu na bunduki zetu. Simlaumu. Deo amepewa ruhusa ya kushuka. Asiporudi kwa wakati anaachwa, na kazi inakwisha. Na njia ya kumfuata kapteni hakuna. Barabara ya kando ya ziwa wenye bunduki wanachoma magari.

Mzee wangu alikufa wakati wa vikwazo, meli haziji. Deo hakumzika baba yake. Bila mtoto wa kwanza kunywa pombe ya kumaliza kilio, hatuwezi kuganduka, yaani kuvua msiba, kilio hakiishi. Na kilio kisipoisha hakuna harusi katika nyumba hii. Mjukuu wangu Spes ana mchumba, mwaka wa pili huu anangoja. Wakwe wameanza kukohoa wanapopita hapa.

Jumamosi tunamaliza kilio. Nimesema.

Jumatatu, 12 Juni

Shemeji Baltazari amekuja kutoka Mutanga Sud kunikataza. Ni mdogo wa mzee wangu. Alikuwa karani wa serikali, na tangu astaafu anavaa tai hata akienda kununua chumvi. Anapenda maneno kuliko chakula, na chakula anakipenda sana.

Anasema tungoje amani. Nikamwambia amani haikuja kumzika, kwa nini tuialike kwenye pombe yake?

Akasema basi tufanye bandarini, kwenye kantini, kila mtu na chupa yake. Mzee wangu alijenga nyumba hii ya Kinanira kwa mikono yake, tofali baada ya tofali. Hamaliziwi kantini kati ya magunia.

Mwishoni amekubali, lakini kwa sheria zake. Atatoa hotuba yote. Lazima mwanamume wa upande wa wageni amjibu. Halafu pombe ya kuagana, ile ya kung'oa mkuki, agashinguracumu. Zamani mgeni alichomeka mkuki wake mlangoni, na hakuung'oa bila kupewa ya mwisho. Kuondoka bila hiyo ni kumtukana mwenye nyumba.

Najua mila. Niliolewa humu nikitoka Uvira, nikajifunza yote, hata yale wanayoyasahau wenyewe. Lakini hotuba ya Baltazari kwenye ubatizo wa Spes ilianza jua likiwa utosini, ikaisha mbu wameamka. Meli haitamngoja.

Jumatano, 14 Juni

Nimesaga, nimepika, nimemimina. Sasa kazi ni ya chungu.

Kisha nikaenda na Spes kupima njia. Saa sina, mi napimia rozari. Kutoka bandarini hadi daraja la Muha, rozari tatu kwa miguu. Kutoka darajani hadi mlangoni kwangu, moja na nusu, kwa sababu ya kilima. Spes anasema nakimbiza Salamu Maria ili njia ionekane fupi. Nikamwambia Bikira anajua haraka yangu.

Kwa teksi ni fupi zaidi. Baltazari atamchukua Deo kwa teksi. Nikitoa njia ya kuja na ya kurudi, muda wa kukaa unatosha. Hotuba ya Baltazari ndiyo isiyo na kipimo.

Alhamisi, 15 Juni

Jana mabomu yamelia upande wa milima. Asubuhi majirani wawili wamefunga magodoro wakashuka mjini. Wameniita. Apana. Pombe inachemka, na pombe inayochemka haihamishwi. Mi ni ya hapa.

Ijumaa, 16 Juni

Nimefagia. Nimeazima viti. Mirija tayari.

Naogopa. Nimeshaandika, basi.

Jumamosi, 17 Juni

Risasi zimeanza kabla ya jua kutoka, juu kwenye mto. Askari wamefunga daraja la Muha. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka.

Wageni walikuja hata hivyo. Wanawake wote. Wanaume walibaki ndani, na sikuwalaumu, siku kama hizi mwanaume akionekana njiani anaulizwa maswali. Mzee aliyepangwa kujibu hotuba alituma neno kwamba tumbo linamuuma. Tumbo lake linaijua vita vizuri.

Tulingoja. Jua likapanda, likapita utosini. Nikamtuma Spes darajani. Akarudi anahema: teksi iko ng'ambo, Baltazari na Deo wamesimama kando yake, askari wamekataa.

Nikakiangalia kile chungu. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Miaka yote hii hawa wenye bunduki, wa huku na wa kule, wanatuambia lini tutoke, lini tulale, lini tulie. Sasa waniambie na lini niache kulia?

"Spes, beba chungu."

"Koko, pombe itamwagika," mjukuu wangu akasema.

"Ikimwagika tutalamba daraja."

Tukashuka. Spes na chungu kichwani, mi na mirija, wanawake nyuma na viti vyao, wengine wanasali, wengine wananong'ona kwamba huyu mukecuru, huyu bibi kizee, ametokwa na akili.

Darajani mkubwa wa wale askari ni kijana, shingo nyembamba, macho mekundu ya kukesha.

"Mukecuru, rudi nyumbani. Daraja limefungwa."

"Sivuki, mwanangu. Nataka katikati tu."

"Katikati ni kuvuka nusu."

"Basi nifunge nusu."

Mwenzake akacheka. Akaja akachungulia chungu, akanusa. Nikawaeleza ni kilio cha nani, na mwana aliye ng'ambo ni wa meli, na meli inaondoka. Mkubwa akatazama juu ya mto, akasikiliza. Kulikuwa kimya. Akainua mkono kwa wale wa ng'ambo.

Deo akaja anatembea upesi. Amekuwa mtu mzima, mwanangu, nywele zinarudi nyuma kama za baba yake.

"Mama, umekonda."

"Na we umenenepa kwa chakula cha watu. Kaa chini."

Viti vikapangwa juu ya daraja, upande huu na ule. Chungu katikati. Baltazari akanyoosha tai. Akakohoa. Akaanza na babu wa babu yao, jinsi alivyotoka mbali na kuvuka mto akiwa na ng'ombe mmoja.

Honi ya meli ikalia. Ya kwanza. Deo akageuza shingo kuelekea ziwani. Baltazari akapaza sauti kuishinda honi. Ng'ombe bado yuko majini.

Nikasema, "Shemeji, mvushe huyo ng'ombe upesi."

Wanawake wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Baltazari akanikazia macho, lakini akaruka vizazi viwili. Akafika kwa kaka yake. Hapo sauti yake ilibadilika. Akasema alikuwa mtu asiyemfungia mtu mlango. Ni kweli. Akamaliza.

Hakuna wa kujibu. Hotuba isiyojibiwa ni aibu, na pombe hainywewi. Nikainuka.

"Nitajibu mi."

"Mwanamke hajibu," akasema Baltazari. "Hilo silipitishi, hata kama wote tutakufa hapa."

"Tutakufa kwa kiu, basi."

Nikamgeukia yule mkubwa wa askari. "We, mwanangu, una baba?"

"Alikufa."

"Basi haya unayajua. Tujibie."

Akatazama wenzake, akatazama milima. Kisha akaisukuma bunduki mgongoni, akavua kofia.

"Tumesikia," akasema. "Mzee huyu hatukumjua, lakini tunaona watu waliokuja kwa ajili yake siku kama hii. Kilio kimekwisha. Wenye nyumba walime, waoe, wazae. Tumepokea."

Maneno hayo tu, na yalitosha. Hata Baltazari alipiga makofi.

Deo akainama akavuta mrija wa kwanza. Alivuta kwa muda mrefu, uso ndani ya chungu, na mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Nikauweka mkono wangu pale mgongoni. Nikanywa mi. Akanywa Baltazari. Akanywa Spes. Nikampa askari mrija. Alikunywa, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ndogo, "Sisi wa kwetu hatujamganduka. Tumetawanyika." Nikamsogezea chungu tena.

Honi ya pili. Deo akainuka, akanikumbatia, nikasikia mifupa yangu inalia. Baltazari akamshika mkono wa shati.

"Hajanywa ya kuagana. Hakuna anayetoka kwa kaka yangu bila agashinguracumu."

"Mkuki wake uko wapi?" nikamwuliza. "Aliuchomeka wapi? Huyu silaha yake ni mwiko. Mwache aende."

"Utamtukana marehemu."

"Marehemu alikuwa mume wangu. Akinuna, nitamnyamazisha mwenyewe."

Risasi ikalia juu ya mto, moja, halafu nyingi. Dereva wa teksi hakungoja, tuliona vumbi lake tu. Askari akapiga kelele turudi. Deo akaanza kukimbia. Na Baltazari, na tai yake, na umri wake, akakimbia nyuma yake. Sijui kama ni kumsaidia au kumrudisha anywe.

Tulipanda kilima tumeinama, chungu kikiwa kitupu nusu. Viti viwili vimebaki darajani. Nitavilipa.

Kutoka uani kwangu ziwa linaonekana. Meli imetoka kabla jua halijashuka. Ilikuwa ndogo kama ganda la karanga. Nimeitazama mpaka ikaisha. Sikuweza kuona kama mwanangu yumo.

Jumapili, 18 Juni

Daraja bado limefungwa. Misa hakuna. Habari hakuna.

Kama ameachwa, yuko wapi? Mwanaume asiye wa mtaa, anakimbia na risasi zinalia, nani atamuuliza jina kabla ya kumpiga? Mi nilimwita. Mi nilikataa kantini.

Spes anasema nile. Nimekula ili anyamaze.

Sijutii. Nimeandika hivyo, nikalifuta neno kwa kidole kilicholowa, nikaliandika tena. Sijutii. Aliinama kwenye chungu cha baba yake. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Jumatatu, 19 Juni

Daraja limefunguliwa asubuhi. Mtu wa kwanza kupanda kilima ni Baltazari. Hana tai. Amevaa kandambili, vidole vimefungwa vitambaa.

Nilisimama mlangoni. Akasema, "Yumo."

Nikakaa chini palepale, kwenye kizingiti.

Alinieleza kidogo kidogo. Kila kizuizi walitaka kumweka Deo kando. Kila mara Baltazari alisema tu, "Ni mwanangu. Meli inaondoka." Basi. Kwenye kizuizi cha mwisho aliacha viatu kwa sababu vilikuwa vinamwangusha. Walipofika gatini ngazi ilikuwa imekwisha pandishwa, kapteni anatukana. Wapishi wenzake wakatupa kamba ya mizigo, wakamvuta Deo juu kama gunia la sukari. Mguu mmoja ulilowa.

Nilitaka kucheka, nikalia. Halafu nikacheka.

Nikampikia samaki, mukeke, na ugali. Alikula bila kusema neno, akalala kitini, mdomo wazi. Nikamwekea maji ya moto ya miguu kwa wakati atakapoamka. Ni mtu mzuri, akinyamaza.

Alipoamka alisema wakwe wa Spes waje Jumapili. Alisema pia kwamba angependa kutoa hotuba siku hiyo. Nikasema sawa. Siku hiyo hakuna anayepanda meli. Aseme mpaka ng'ombe wote wavuke.

Mwili wangu ni mwepesi leo. Nimefua nguo za kilio, nimezikunja, nimezitoa. Na nilipojilaza mchana nilijikuta katikati ya kitanda. Tangu afe nilikuwa nalala ukingoni kwangu, kama vile bado anahitaji nafasi. Katikati kuna bonde kidogo. Ni pazuri.

We mama, siku utakayorudi humu, na usikawie tena, usianze kwa vita. Andika kwanza nani alikuja kula, na kama alishiba.