Maneno Manne Mbele ya Metroni

Ulemo, Alhamisi, katikati ya Machi 1974

Mvua ilianza alfajiri, na sasa, saa tisa alasiri, yamebaki manyunyu tu. Darasa langu la kisomo cha watu wazima halikufanyika leo, maana njia ya kwenda shuleni imejaa maji na wazee wenzangu wameona heri wakae karibu na moto. Kwa hiyo nina muda. Tangu asubuhi nimejaza ukurasa uliotangulia habari za mvua na za ndege wanaoshambulia uwele, na nilijua kabisa kwamba nakwepa.

Leo niandike.

Nimemvunjia mjukuu wangu safari yake, na nimeivunja kwa maneno manne.

Mjukuu huyo ni Tabita, mtoto wa binti yangu Mariamu. Baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga wakati Tabita bado mdogo, akaleta barua mbili, kisha kimya. Mariamu akarudi kwangu na watoto watatu. Tabita ndiye mkubwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, na tangu hapo amekuwa akimsaidia dresa, tabibu msaidizi wa zahanati yetu: anachemsha sindano, anaosha vidonda, anawapanga akina mama wenye watoto wachanga. Hakuna aliyemtuma. Alianza kwa kufagia, akabaki.

Mwezi wa Januari tulisikia kwamba chuo cha wauguzi wasaidizi, kile kilichoko upande wa pili wa mkoa, kinapokea maombi ya waliomaliza darasa la saba. Tabita aliandika barua yake mwenyewe. Aliiandika mara tatu, kila mara akiniletea niisahihishe. Nilirekebisha nukta na herufi kubwa. Alikuwa ameandika kwamba ana umri wa miaka kumi na tisa, nami sikushtuka, kwa sababu ni kweli. Tukaambatisha hati yake ya kumaliza shule, tukaipeleka posta Kiomboi.

Sikuitazama hati ile. Mimi, niliyekuwa mwalimu mkuu nikiwarudisha walimu vijana kwa kosa la tarakimu moja, sikuitazama.

Hapa inanibidi nieleze jambo, maana atakayesoma daftari hili baada yangu huenda hatajua mambo yalivyokuwa. Kwetu watoto hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mama alikumbuka kwamba huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule alizaliwa wakati wa kupura mtama baada ya njaa. Mtoto akiletwa shule, tulimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, amefika umri wa darasa la kwanza. Asipolifikia, arudi nyumbani akale ugali mwaka mmoja zaidi. Kipimo hicho kiliwafaa wadogo. Hakikuwafaa wale waliochelewa, ambao walikuwa wamepita umri kwa sababu ya kuchunga au kulea. Viti vilikuwa vichache, na agizo lilisema waliozidi umri wasiandikishwe.

Tabita aliletwa shuleni mwaka 1965 akiwa na miaka kumi. Miaka yote ya kabla ya hapo alikuwa na mdogo wake mgongoni. Alipitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikapita sikio vikafika shingoni. Watoto wengine wakacheka. Nikachovya kalamu, nikaandika katika rejesta: amezaliwa 1958. Nilimpunguzia miaka mitatu, naye akapata kiti.

Si yeye peke yake. Wako wengi niliowapunguzia, na baadhi yao leo ni walimu na askari. Niliona ni huruma, na hata leo naona ilikuwa huruma. Mwaka 1971 nilipojaza hati za kumaliza shule, kabla tu sijastaafu, nilihamisha tarakimu kutoka kwenye rejesta kama zilivyokaa, nikapiga sahihi.

Wiki iliyopita Tabita aliitwa kwenye usaili. Mariamu aliazima viatu vya mke wa mwenyekiti wa kijiji, nami nikasema nitamsindikiza, maana binti hawezi kusafiri peke yake kwenda mahali asipopajua. Kusema kweli nilitaka nionekane. Nilivaa koti langu.

Jumanne asubuhi tulikuwa wazazi kumi hivi kwenye benchi, nje ya ofisi ya chuo. Karibu yangu alikaa baba mmoja wa Manyoni, mfanyakazi wa reli, mcheshi sana.

"Wa kwangu nimemkataza kabisa kutaja habari za damu," aliniambia. "Juzi shangazi yake alimpa jogoo achinje. Jogoo akakimbia huku, yeye akakimbia kule."

"Na leo anaomba unesi?"

"Anasema damu ya mtu ni tofauti, Mwalimu. Nimemwacha. Metroni ataamua."

Tulicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitakavyosimulia kijijini.

Halafu karani wa chuo akatoka na kuita mzazi wa Tabita. Aliponiona, uso wake ukafunguka. "Shikamoo, Mwalimu!" Nilimfundisha darasa la tano miaka mingi iliyopita. Nilimwitikia, akanishika mkono na kuniingiza ndani kama mgeni rasmi.

Metroni alikuwa mwanamke wa makamo, gauni lake jeupe limepigwa pasi vizuri, na alinipa kiti kwa heshima. Tabita alikuwa amesimama mbele ya meza. Juu ya meza ilikuwapo ile hati. Niliutambua mwandiko wangu kabla hata sijakaa.

"Mzee wangu," Metroni alisema, "binti yako amejibu vizuri kuliko wote wa leo. Lakini tuna tatizo. Hapa hatupokei mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Yeye anasema ana kumi na tisa. Hati inasema kumi na sita. Nimemuuliza mara mbili, anashikilia kumi na tisa. Nani anasema kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, karani akadakia. Alitaka kunisaidia, Mungu ambariki. "Metroni, huyu mzee namjua. Alituchapa tukikosea hata tarehe ubaoni. Kitu akishakiandika yeye, kimeandikwa."

Wakanitazama wote. Tabita pia alinitazama, na hilo ndilo linalonirudia kila ninapofumba macho. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliona shahidi wake amefika.

Nikasema: "Rejesta iliandikwa kwa uangalifu."

Maneno manne. Kila neno lilikuwa kweli, maana niliiandika kwa uangalifu mkubwa. Yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Metroni alishusha pumzi. Akamgeukia Tabita, wala hakumfokea, afadhali angemfokea. Alimwambia, "Mwanangu, humu ndani tunashika dawa za watu. Anayebadilisha umri wake leo, kesho atabadilisha kipimo. Mtu asiyeaminika hafai kugusa dawa." Akaandika kitu kwenye karatasi, akaifunika.

Tabita hakusema neno. Atakayesoma asidhani alikosa la kusema. Kwetu mtoto hambishii babu yake mbele ya wageni. Akimbishia amemvua nguo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo, na pale ofisini, wakati kila kitu chake kiko mezani, alilishika fundisho langu. Alipiga goti kidogo, akasema asante, akatoka.

Nimejiuliza siku mbili kwa nini nilisema vile. Usiku wa Jumanne, kwa jamaa tuliyelala kwake, nilijiambia kwamba nilikuwa nawalinda wale wengine: tarakimu moja ikikanushwa, watazifukua zote, na vijana walioajiriwa kwa hati zangu watapata taabu. Ni hoja nzuri. Imepangika. Ina kasoro moja tu, kwamba niliipata baadaye. Pale kwenye kiti sikumfikiria kijana yeyote. Nilikuwa nimesifiwa na mwanafunzi wangu mbele ya watu, na nilitaka sifa ile ibaki dakika moja zaidi.

Ni hilo tu. Natamani lingekuwa kubwa kuliko hilo.

Jana tulirudi kwa basi. Tabita alinipa kiti cha dirishani, akashika mkoba wangu magotini. Tulipofika mahali pa kupumzika akashuka, akarudi na maji. "Kunywa, Babu, jua ni kali." Nikanywa. Hakununa. Mtu angetuona angesema binti huyu anamtunza babu yake vizuri, na angekuwa amesema sawa.

Mariamu alikuwa anatusubiri mlangoni, mikono ina unga. Alimuuliza mwanawe kwa Kinyiramba, haraka haraka, habari za huko. Nilisimama nyuma yao. Nilikuwa nimeandaa sentensi njiani, nikafungua mdomo kuitoa.

Tabita akatangulia. "Nafasi zimejaa, mama. Wamechukua wa karibu na chuo."

Mariamu akamkumbatia, akasema Mungu atafungua kwingine. Tabita akainama kuvua vile viatu vya kuazima, akavifuta matope kwa kanga yake ili virudishwe leo.

Msichana huyu aliitwa mwongo mbele ya watu kwa kusema kweli. Kisha akaja nyumbani akamdanganya mama yake, kwa mara ya kwanza ninayoifahamu, ili kunifunika mimi.

Jana hiyo hiyo ningeweza kusema. Sikusema. Nilikunywa uji, nikaenda kulala mapema kama mtu aliyechoka na safari.

Asubuhi hii dresa amekuja na koti lake la mvua. Bwana Hamisi ni mtu wa maneno machache, lakini leo alikuwa nayo. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, mtoto amenirudishia aproni. Ameifua, ameikunja, ameiweka mezani. Nikamwambia, we Tabita, chuo kikikataa mwaka huu si kuna mwaka mwingine? Unajua kanijibu nini?"

"Kakujibu nini?"

"Kasema mtu asiyeaminika hafai kugusa dawa. Maneno gani hayo, Mwalimu? Nani kamwambia? Mimi ninamwachia funguo za kabati!"

Nilimkaribisha tena akae. Akatikisa kichwa na kuondoka. Akiwa kwenye mvua aligeuka akasema kuna mtoto wa mtu ana jipu, na mama yake amekataa lipasuliwe mpaka Tabita aje amshike mkono. Tabita hakwenda. Amekwenda na wengine kupalilia shamba la kijiji, kwenye mvua hii, na jembe.

Mpaka leo asubuhi nilidhani nimempotezea nafasi ya chuo. Nafasi ni kitu kibaya kupoteza, lakini inaweza kuja nyingine. Sasa naona ameanza kuyaamini yale aliyoambiwa. Neno la Metroni lina nguvu kwake kwa sababu mimi nilikuwapo na sikulipinga, na tangu akiwa mtoto amezoea kwamba nikikaa kimya darasani, jibu ni sahihi.

Nimeandika barua kwa Metroni. Iko hapa, chini ya kiwiko changu. Nimeeleza mwaka 1965, mkono ulivyopita sikio, tarakimu niliyoandika na nani aliyeiandika. Nimemwomba afute alichokiandika kwenye karatasi ile, hata kama nafasi haitapatikana mwaka huu, na nimesema nitakuja mwenyewe nikihitajika, mbele ya karani na mbele ya yeyote. Huenda Afisa Elimu ataniita. Aniite. Barua ni nzuri, haina kosa hata moja, na nimeiandika kwa nusu saa.

Ndiyo maana siiamini sana. Kuandika ni rahisi kwangu. Nimekuwa nikijificha kwenye mwandiko wangu maisha yangu yote. Barua itasomwa huko mbali nami nikiwa hapa kwenye kiti changu, naitwa Mwalimu. Kabla haijakwenda posta kuna watu wawili wanaopaswa kusikia kwa mdomo wangu, na kati yao mmoja anajua tayari.

Mariamu yuko jikoni, nasikia anasugua kibuyu. Tabita amerudi kutoka shambani sasa hivi. Anaosha miguu kwenye jiwe la mlangoni. Ana tope mpaka magotini. Kwa umri wangu sijawahi kumwomba mtoto msamaha, na sijui mtu hukaa vipi anapofanya hivyo, kama husimama au huketi.

Sitaingoja kesho. Nimewaita wote wawili, na Tabita amejibu, "Nakuja, Babu."