Kilomita ya Kumi na Sita Inapita Uani kwa Mama Jesse

KAMATI YA MBIO ZA DESEMBA, MWIKA

Kumbukumbu za kikao cha tano, Jumamosi tarehe 6 Desemba 2025, katika ghala la zamani la kahawa. Kikao kilianza saa 4:15 asubuhi.

Waliohudhuria:
Ndelilio Mongi – Mwenyekiti
Gidioni Kileo – Msimamizi wa njia
Gladness Mlay – Mwakilishi wa wakimbiaji
Eliezeri Shao – Katibu

Mwalikwa: Theodora Shao (Mama Jesse)

Asiyehudhuria: Calvin Njau, Mweka Hazina. Yuko mlimani na wageni, ametoa taarifa.

KUMB. NA. 1/12/2025: KUFUNGUA KIKAO

Katibu aliomba iandikwe kwamba aliondoka Mwika Januari 1981, na kwamba imepita miaka arobaini na minne na miezi kumi na moja, yote akiishi Mpanda. Alichaguliwa kwa simu mwezi Agosti, akiwa hukohuko. Kwa kuwa shauri la leo linahusu kihamba (shamba la nyumbani) cha marehemu baba yake, aliomba mtu mwingine ashike kalamu. Mwenyekiti alikataa. Alisema Gidioni huandika mambo ambayo baada ya wiki hawezi kuyasoma mwenyewe, na Gladness hajawahi kukaa kwenye kiti zaidi ya robo saa. Katibu aliendelea.

KUMB. NA. 2/12/2025: NJIA YA KILOMITA 21

Gidioni alieleza kwamba daraja lililo chini ya kanisa, lililobebwa na mvua za Aprili, bado halijajengwa. Njia pekee ya kulizunguka yenye upana wa gari ni ile aliyoichimba marehemu Antoni Shao, kaka wa Katibu na mume wa Mama Jesse, ili kutoa kahawa yake. Inapita katikati ya migomba ya kihamba hicho na kutokea uani kwa Mama Jesse, mita mia nne.

Mwezi Novemba Kamati iliomba ruhusa ya kupita. Iliyaelekeza maombi kwa Eliezeri kwa sababu ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa desturi kihamba cha baba ni chake. Eliezeri alisaini barua na kuituma kwa picha ya simu. Mama Jesse, anayekipalilia na kukiwekea samadi, hakuulizwa na Kamati wala na Eliezeri.

Tarehe 29 Novemba Gidioni alichora mishale ya chokaa kwenye migomba na kukata mibuni miwili iliyobana njia. Kesho yake alikuta njia imefungwa kwa magogo matatu, na ng'ombe amefungwa katikati.

Gidioni alipendekeza wakimbiaji wageuzwe kabla ya daraja, kisha wazunguke uwanja wa shule mara kumi kufidia kilomita nne. Gladness alijibu: "Kaka Gidi, hiyo si mbio ya barabara. Hicho ni kipindi cha michezo cha darasa la tatu." Alieleza kwamba mpimaji kutoka mjini anakuja tarehe 20, na hatapitisha njia ya namna hiyo. Aliongeza kwamba amekimbia barabara za watu wengine kwa miaka sita na mwaka huu anataka kukimbia ya kwao.

Ilikubaliwa na wote kwamba mbio zitafanyika Jumamosi tarehe 27 Desemba, na hazitapungua hata mita moja.

KUMB. NA. 3/12/2025: KUMWOMBA RADHI MAMA JESSE

Gidioni alimsalimu shikamoo. Mama Jesse alijibu marahaba, akamuuliza kama huko anakokata mibuni ya watu huwa anasalimu kwanza.

Mwenyekiti alisimama na kumpa jani la isale, ambalo mtu akiletewa kwa kuombwa msamaha halikatai. Mama Jesse alilipokea kwa mikono miwili. Alisema: "Hili ni la mibuni. Nimesamehe, na Gidioni atapanda mingine na kuimwagilia mpaka ishike. La kihamba sijaletewa."

Mwenyekiti aliuliza anadai nini juu ya kihamba. Alijibu kwamba hadai kitu kwa Kamati. Alimgeukia Katibu.

"Shemeji, mwaka themanini na moja ulisema unaenda kufundisha miaka mitatu. Ukasema utarudi ukistaafu. Umestaafu, hujarudi. Antoni amekufa akikusubiri ugawe. Jesse amefyatua matofali, mwaka wa nne huu yameota ukungu, hajui ajenge kwa nani. Halafu barua ya kupita mlangoni kwangu inasainiwa Mpanda."

Katibu alieleza kwamba alisaini bila kufikiri, na kwamba hilo si utetezi.

Mama Jesse alisema: "Mimi sikatazi watu kukimbia. Nataka kujua wanapita kwa nani."

Mwenyekiti alishauri jambo hilo lipelekwe kwenye kikao cha ukoo. Mama Jesse alisema ukoo umekaa mara tatu, na kila mara umekunywa mbege na kuahirisha. Gladness aliomba radhi kwa kucheka.

Katibu aliomba dakika chache, akazipata. Kisha alieleza kwamba kihamba awe nacho Mama Jesse, na baada yake Jesse. Kwamba atalisema hilo mbele ya ukoo kesho baada ya ibada, na kulithibitisha kwa maandishi kwa mwenyekiti wa kijiji Jumatatu.

Mama Jesse aliuliza: "Na kaburi? Tukuachie mahali kando ya baba?" Katibu alijibu hapana. Mke wake, Eunike, amezikwa Mpanda, na kando yake pameachwa nafasi.

Mwenyekiti alirudisha kikao kwenye shauri la njia.

Mama Jesse alisema atamwondoa ng'ombe mwenyewe, na magogo yataondolewa na aliyesababisha yawekwe. Gidioni alikubali. Aliongeza kwamba siku ya mbio ataweka ndoo za maji uani, na kwamba mkimbiaji atakayetupa kikombe kwenye migomba atarudi kukiokota, hata kama anaongoza. Gladness alisema atarudi.

Mwisho, Mama Jesse alimtaka Katibu amsomee alichoandika. Baada ya kusikiliza alisema: "Hapo kwenye kurudi usiandike 'Katibu alieleza'. Andika kwa jina lako, chini ya saini." Mwenyekiti aliona hakuna kanuni inayokataza, na maneno hayo yamehamishiwa chini.

KUMB. NA. 4/12/2025: KUFUNGA

Barua ya Novemba ilifutwa. Ruhusa mpya imesainiwa na Theodora Shao. Kazi ya njia inaendelea Jumatatu saa moja asubuhi. Watu waliondoka saa 7:20 mchana.

Ndelilio Mongi, Mwenyekiti ....................

Eliezeri Shao, Katibu ....................

Mimi, Eliezeri Shao, mtoto wa mwisho wa baba yangu, sitarudi Mwika kuishi wala kuzikwa.