Kwa Okochi Mugeni, fundi mizani, ambaye hakulishwa sumu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovuta pumzi yako ya mwisho katika wodi ya hospitali huko Tororo, siku ya kumi na moja ya homa, ukiwa na miaka sitini na miwili.

Watu wa sokoni Busia wangali wanakuulizia. Wauza samaki na wauza mahindi, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, wote walikuletea mizani zao zilipoanza kudanganya. Ulizifungua, ukazisafisha chumvi na magamba, ukazijaribu kwa mawe yako manne ya chuma ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa. Mfanyabiashara akikuomba uilegeze kidogo kwa faida yake, ulimwambia, "Nenda kwa fundi redio." Hatukuwahi kuelewa kwa nini fundi redio, lakini watu walicheka na kuondoka na mizani iliyo sawa.

Kila mjukuu aliyezaliwa ulimning'iniza kwenye mizani ya sokoni akiwa ndani ya leso. Mama yetu Benedeta alikataa kila mara, na kila mara alishindwa. Shallon, binti wa mwanao Brian, kwako alitoka kilo tatu na robo. Zahanati walikuwa wameandika tatu na nusu. Ulirudi zahanati ukiwa na bisibisi.

Ulipenda chakula cha Amulen, mke wa Brian. Jumapili ulipanda boda hadi kwao Kisoko, ukakaa nje kando ya ghala, kwa kuwa baba mkwe haingii kula nyumbani kwa mkwe, ukaletewa ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Kisha ulipaza sauti isikike jikoni: "Mwambieni aliyepika kwamba sahani hii ina tundu." Amulen alicheka huko ndani, akaongeza.

Jumapili ile ya mwisho ulikula hivyo hivyo, jioni ukarudi nyumbani Masinya. Jumatatu hukuinuka kitandani. Jumatano ulilazwa. Wauguzi wakakupangusa pua ili wapime, wakapata virusi vya mafua makali. Siku ya tisa wakapangusa tena, hawakuona kitu. Tulishangilia. Siku mbili baadaye ulifariki.

Matangani, dada yako Truphena, shangazi yetu tunayemwita Senge, alisema mbele ya watu, "Daktari mwenyewe amesema mdudu aliisha. Sasa kama mdudu aliisha, ndugu yangu ameuawa na nini? Mara ya mwisho alikula kwa nani?"

Amulen alikuwa jikoni na alisikia. Alimaliza kuosha sufuria, akambeba Shallon, akaenda kwa wazazi wake. Katika orodha ya wafiwa jina lake halikusomwa. Brian akabaki katikati, hana raha kwetu wala kwa mkewe.

Binti yako wa kwanza, Justine, anafanya kazi maabara upande wa Kenya. Unamjua: hasemi asichokipima. Hakugombana na Senge. Alikwenda hospitali mara tatu, mpaka akakubaliwa kusoma faili lako pamoja na daktari. Februari alituita Masinya, akiwa na karatasi moja.

"Senge," alisema, "kilichomuua Baba ni kinga yake mwenyewe."

"Kinga? Hii tunayoambiwa na redio kila siku tuiongeze? Leo ndiyo inaua?"

"Inaweza. Virusi vikiingia, chembe za kinga zinatuma ishara kwenye damu ili nyingine zije kusaidia. Zikishinda, ishara zinatakiwa zikome. Kwa Baba hazikukoma. Ziliendelea kuitana wakati adui ameshapigwa. Mishipa midogo ya mapafu ikaanza kuvuja, na maji yakajaa mahali pa hewa. Siku ile pua yake ilipoonekana safi ndiyo siku kipimo cha damu kilipoonyesha kinga imechemka kuliko siku zote. Hiki hapa, soma."

"Mimi sisomi bila miwani."

"Nitakusomea. Mama, homa ilianza lini?"

"Ijumaa," Mama alijibu. "Alifunga kibanda mchana. Nikamuuliza mbona mapema, akasema anaona kila mizani mbilimbili."

"Ijumaa," Justine alisema. "Kwa Amulen alikula Jumapili."

Senge akamgeukia jirani yako. "Na huyu Odoi? Wiki ile ile alikohoa. Mbona yuko hapa anamaliza chai yetu?"

"Truphena, niache," Odoi alisema. "Kukohoa nilikohoa. Kufa sikuweza."

"Kwa nini Odoi alipona, sijui," Justine alisema. "Daktari naye hajui. Na sikudanganyi, Senge: sumu haikupimwa. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ulitangulia chakula, na faili linaonyesha ulivyokwenda siku kwa siku."

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Siku ya tisa ni yeye aliyepiga simu nyumbani kusema tukutandikie kitanda, unarudi. Aliona pua safi, akafurahi, asiulize habari ya damu, na hiyo ndiyo kazi yake kila siku. Alilisema kwa sauti ile ile ya kusoma namba, Baba, kisha akaikunja karatasi.

"Mbona hukusema hayo matangani?" Senge aliuliza.

"Matangani sikuwa nayajua. Nilijua tu kwamba nimekosea mahali."

Senge alimshika mkono, akamketisha karibu naye.

Mwezi wa tano Senge alikwenda kwa mzee Emoit, baba yake Amulen. Hakutaka hata kuketi. "Binti yangu," alimwambia Amulen, "nilikusema mbele ya watu. Siwezi kuyafuta hapa jikoni kwenu tuko wawili. Njoo niyafute mbele ya watu wale wale."

"Nitakuja, Senge," Amulen alijibu. "Lakini siku hiyo napika mimi."

Misa ya kukuombea itakuwa nyumbani Masinya, Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Anayepika ni Amulen. Truphena ameomba apakuliwe wa kwanza, akae mahali ambapo kila mtu anamwona akila. Waliosema pamoja naye nao wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Benedeta. Watoto wako Justine, Brian na Arnold. Mke wa mwanao, Amulen. Mjukuu wako Shallon na wenzake. Dada yako Truphena. Wakwe zako Emoit na Akello, wazazi wa Amulen. Na jirani yako Odoi.

Baba, hatutakusahau kamwe.