Chokaa kwenye kituo cha Baba

Jumamosi, Kasulu. Vumbi tangu asubuhi, upepo mkavu, na hasira niliyo nayo hata chai haijaishusha.

Nisikilize wewe, shajara, maana shuleni nikisema zaidi nitaambiwa nina dharau.

Miezi kadhaa iliyopita niliona kwenye simu video ya mzee mmoja wa ng'ambo. Ametengeneza reli ndogo juu ya ubao usiozidi upana wa mlango. Njia moja, nyasi, kibanda. Treni inapita, inaondoka, panabaki kimya. Wengine hujaza madaraja na miji mpaka jicho halijui litue wapi. Yeye aliacha nafasi. Niliirudia video ile sijui mara ngapi. Nikasema, kumbe hata kituo cha Baba kinatengenezeka.

Baba alikuwa kibarua wa reli, kituo kidogo njia ya kwenda Kigoma, kabla ya kurudi kulima Kumsenga. Alituhadithia kituo hicho utoto wetu wote: kibanda cha bati, benchi, udongo mwekundu, basi. Sasa macho yake yanafifia, na daktari amesema hayatarudi. Nilitaka akione angali anaona.

Nikatengeneza. Reli za vijiti vya mianzi, udongo niliouchekecha mwenyewe, treni ya mbao inayovutwa kwa uzi. Jana nikakiweka darasani ninakofundisha, kwa ajili ya maonesho ya leo ya zana za kufundishia, nikampigia Baba apande basi aje.

Leo nimekikuta kimepigwa chokaa.

Mwalimu Hamisa, msimamizi wa maandalizi, alibaki kupamba. Huku kwetu akija mgeni rasmi hata mawe ya njiani hupakwa chokaa, naye hakuona kwa nini kituo changu kiachwe. Udongo kaupaka rangi ya kijani. Benchi kalifunika maua ya plastiki. Kaongeza bendera na maghorofa mawili ya maboksi ya dawa ya meno.

"Dada, kilikuwa kikavu mno," akaniambia huku anatabasamu. "Mgeni angedhani hujamaliza. Nimekusitiri."

Kunisitiri! Kinachoniuma zaidi ni kwamba alifanya kwa moyo safi, kwa hiyo hata kumgombeza nimeshindwa. Na huyo mgeni rasmi? Alituma mwakilishi. Mwakilishi kala pilau, kaondoka, darasani kwangu hakutia mguu.

Aliyeingia ni Baba. Akainama mpaka pua ikakaribia ubao. Akatazama, akatazama tena. Mimi nimesimama pembeni, nangoja ataje hata kibanda.

"Mwakoze, mwanangu," akanishukuru kwa Kiha, kwa adabu ile anayowapa watu wasiomjua. "Pazuri. Ni huko Dar?"

"Ndiyo, Baba," nikajibu.

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda niliogopa kulia mbele ya walimu wenzangu. Nikamsindikiza stendi, akapanda basi la Kibondo, akanipungia mkono upande ambao sikuwepo.

Nitatafuta ubao mwingine. Safari hii hakuna maonesho, hakuna mgeni rasmi. Nitaupeleka Kumsenga mwenyewe, mkavu hivyo hivyo. Macho yake yakinisubiri, sawa. Yasiponisubiri, nitamwambiaje kwamba leo alikuwa ameinamia kituo chake mwenyewe?